Waraka Namba Saba wa Itifaki ya Marehemu

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Bukoba, Muleba na visiwa vyake kwamba tangu tarehe mosi Machi hakuna mtu anayeruhusiwa kufa katika eneo letu la usikivu bila itifaki kuzingatiwa. Zamani watu walikufa ovyo. Mtu anaugua Jumatatu, anakufa Jumanne, Jumatano ndugu zake wako dirishani kwetu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, na jioni jina lake linasomwa redioni kana kwamba kufa ni kazi ya mtu yeyote tu. Hali hiyo imekomeshwa.

Mimi ni mtayarishaji wa sauti katika chumba cha habari cha redio ya umma. Nina stashahada moja na watoto wanne, na vyote vimenifundisha kukata maneno. Naondoa kikohozi, naondoa "eeh", naondoa shukrani kwa waliohudhuria, nabakiza kinachotosha muda.

Aliyekomesha vifo holela ni Meneja wetu wa Kanda, Ndugu Nicholaus Rugemalira, kwa Waraka Namba Saba. Aya ya pili inasema tangazo la kifo ni sekunde sitini, na mtambo umetegwa ukate hapo hapo. Aya ya tatu inasema tangazo lianze na "Kwa masikitiko makubwa", yafuate jina la Meneja na vyeo vyake vyote, kisha marehemu apewe nafasi itakayobaki. Aya ya tano inasema siku na saa ya maziko visikatwe kamwe, kwa kuwa ni taarifa za kiutendaji. Aya ya kumi na nne ilitungwa kwa ajili ya Riyadhi, msomaji wetu wa matangazo, aliyewahi kumwita Meneja "Kaimu Meneja" hewani. Inasema kosa lolote litasahihishwa na yule aliyesaini karatasi ya tangazo, kwa sauti yake mwenyewe, bila kutaja cheo chochote, mara kumi kwa siku, kwa siku mbili. Riyadhi, ambaye siku hizo ndiye aliyesaini karatasi, alisahihisha mpaka koo likakauka. Nyumbani kwake watoto walianza kumsalimia "shikamoo Kaimu".

Sasa, Jumatano moja saa saba mchana alifika dirishani dada mmoja anaitwa Kezia, ametoka Kishanda, miguu ina vumbi mpaka magotini.

"Waitu, baba yangu amefariki alfajiri," alisema, akitanguliza neno la heshima la Kihaya. "Mzee Kristofa Kahigi. Nataka kaka yangu asikie. Yuko kisiwani Goziba, kwenye dagaa."

"Mpigie simu."

"Simu yake ilizama ziwani tangu Januari. Kambini kwao wana redio moja. Wanaiwasha saa kumi na mbili jioni, wakisikia vifo ndipo wanaingia majini." Akashika ukingo wa dirisha. "Dada, Ndyamukama ndiye mrithi. Baba amekata roho anamwita. Na wazee wamesema Jumamosi saa nane wanazika, awepo asiwepo."

Nikamhakikishia kwamba amefika mahali sahihi, nikaanza kupima.

"Kwa masikitiko makubwa" ni sekunde mbili. Jina la Meneja na vyeo vyake ni sekunde hamsini na tatu, na hapo Riyadhi anasoma kwa kasi ya dalali wa mnadani. Maana vyeo ni kumi na kimoja: Meneja wa Kanda, Mwenyekiti wa Kamati ya Itifaki ya Marehemu, Mjumbe wa Kudumu wa Kikosi Kazi cha Usikivu, Mlezi wa Kwaya ya Watumishi, Msimamizi Mkuu wa Jenereta, Mratibu wa Bustani ya Mbele, na vinginevyo hadi Mshindi wa Pili wa Mbio za Magunia, Siku ya Wafanyakazi. Maziko, sekunde tano. Jumla sitini kamili. Kama mtayarishaji nilifurahi, kwa sababu tangazo kutimia namna hiyo ni nadra. Kasoro ilikuwa moja ndogo. Hapakuwa na marehemu.

Nikampelekea Meneja karatasi. Alikuwa anafunga begi aende Muleba kwenye semina ya siku mbili kuhusu kuwasikiliza wananchi.

"Mkuu, marehemu hajaenea."

"Mpunguze."

"Nimeshampunguza. Amebaki hayupo."

"Basi asubiri. Marehemu hana haraka."

"Tungeondoa cheo kimoja tu. Labda magunia."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekojoa kitandani kwa wageni. "Mama Evodia, vyeo havipunguzwi. Vinaongezwa."

Akachukua kalamu, akahesabu vyeo vyake kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, akakuta vyote kumi na kimoja vipo, akasaini. Chini ya magunia hakusoma.

Jioni hiyo, saa kumi na mbili kamili, umma ulisikia muziki wa maombolezo, kisha sauti ya Riyadhi: kwa masikitiko makubwa, Ndugu Nicholaus Rugemalira, Meneja wa Kanda, Mwenyekiti, Mjumbe, Mlezi, Msimamizi, Mratibu, na kuendelea, Mshindi wa Pili wa Mbio za Magunia, maziko ni Jumamosi saa nane mchana, ndugu na jamaa popote walipo wafike bila kukosa. Muziki ukapanda.

Riyadhi alivua vifaa vya masikioni. "Mama Evodia, kwani bosi amekufa?"

"Wewe umesoma kilichosainiwa?"

"Nimesoma."

"Basi uko salama. Nenda nyumbani."

Alhamisi asubuhi Kezia alikuwa dirishani kabla yangu. Alilala kwa shangazi yake Kanazi, akasikiliza na ukoo mzima.

"Nimesikia mpaka mwisho," alisema polepole. "Baba yangu hayumo."

"Yumo kiitifaki," nikamweleza.

"Dada, mimi nataka awemo kwa jina."

Nikamwambia akae kwenye benchi, asiende popote, nikampa chai. Hapo hapo naibu wa Meneja, Bwana Rutaihwa, akanituma Kahororo, nyumbani kwa Meneja, na kinasa sauti nikachukue vilio vya wafiwa kwa ajili ya taarifa ya saa saba. Alinituma akiwa amekaa kwenye kiti cha Meneja. Alisema anakipasha joto.

Niliwakuta watu wengi kwa Meneja. Wanachama wa chama cha kuzikana wa mtaa ule wamefunga turubai, wametandika nyasi sebuleni juu ya zulia, wameshusha mikungu ya ndizi na kuni, na mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, umekaa kivulini. Mkewe, Agnes, alikuwa ameketi kwenye nyasi, amejifunga kanga, amechoka kubisha.

"Nimewaambia yuko semina," alininong'oneza. "Wananijibu ni mshtuko, eti nitazoea."

"Umempigia?"

"Simu amezima. Semina ya kusikiliza hairuhusu simu."

Nilizunguka na kinasa sauti saa nzima kutafuta kilio. Nilipata sekunde tisa, nazo ni za mtoto aliyenyimwa soda. Waombolezaji wengine walikuwa na mjadala mzuri sana kuhusu nani atapewa gari la ofisi. Mama mmoja nilimwekea kipaza sauti mdomoni nikamwomba amweleze marehemu kwa ufupi. Alifikiri sana. "Alikuwa na gari la vioo vyeusi," akasema.

Saa tano gari hilo hilo likaingia. Meneja alikuwa amekuja kuchukua shati la pili la semina. Akashuka, akasimama, akatazama turubai. Miaka mitatu Kahororo, na watu hawajawahi kumwona nje ya gari, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka; walidhani ndiye aliyepewa gari. Mzee mmoja akamkabidhi jembe.

"Karibu. Umechelewa, lakini kazi bado ipo. Wenzako wako kule migombani."

"Kuna nini hapa?"

"Msiba wa mwenye nyumba. Chimba kwanza, utamlilia baadaye kama utaweza."

Naripoti kwa usahihi: Meneja wa Kanda alichimba kaburi lake kwa takriban dakika nne, kwa sababu kila akifungua mdomo alikuwa anaambiwa aache maneno. Nilirekodi majembe. Sauti safi kabisa. Ndipo Agnes akaja mbio, akamshika mkono wa shati mbele ya watu wote. "Huyu ndiye," akasema. Wachimbaji wakamkagua. Mmoja akauliza kama ana kitambulisho. Kilikuwa Muleba, kwenye begi.

Ndani ya gari, kurudi kituoni, aliniuliza mara tulipofika barabara kuu.

"Nani alisaini lile tangazo?"

Nikamwonyesha karatasi. Akaitambua saini, maana ni nzuri, ina mkia.

"Riyadhi asahihishe mara moja."

"Aya ya kumi na nne, Mkuu. Aliyesaini, kwa sauti yake, bila cheo."

Akairudisha karatasi mapajani mwangu.

Saa sita na nusu aliketi studio, akasogea kwenye kipaza sauti, akasema: "Mimi ni Nicholaus Rugemalira. Sijafa." Tukarusha. Simu zikaanza papo hapo. Ya kwanza ilitoka Kahororo, kwa yule mzee wa jembe. Alitupongeza kwa kumbukumbu nzuri, akauliza kama tunazo kanda nyingine za marehemu akiwa hai, zipigwe Jumamosi kaburini. Agnes naye akapiga: waombolezaji wameongezeka, wamekuja wa Kanazi na mbuzi.

"Hawaamini," nikamwambia Meneja. "Redio inazo sauti za watu waliokufa miaka ishirini iliyopita. Sauti yako haithibitishi chochote."

"Sasa nifanyeje?"

"Useme kitu kisichoweza kuwa kwenye kanda ya zamani. Kitu cha leo, cha jana. Kitu ambacho hukuwa unakijua."

"Kama nini?"

Nikafungua mlango wa studio. Kezia alikuwa bado kwenye benchi na kikombe chake.

"Dada," nikamwambia, "mweleze huyu ni nani aliyekufa."

Kezia aliingia, akapiga goti kidogo kumsalimia kama mtu aliyelelewa vizuri, kisha akasimama karibu na kiti chake. Meneja akachukua kalamu ileile ya saini yenye mkia. Kezia akataja, yeye akaandika. Alipoandika "Kahigi" bila "Kristofa", Kezia akagonga karatasi kwa kidole. "Jina lote." Akaandika jina lote.

Saa saba kamili umma ulisikia, polepole, kwa sauti ya mtu aliyechimba kaburi asubuhi: "Mimi Nicholaus sijafa. Aliyekufa ni Mzee Kristofa Kahigi wa Kishanda, Muleba, mkulima wa kahawa, aliyefariki Jumatano alfajiri. Ndyamukama, mwanawe, uliyeko Goziba kwenye dagaa, baba yako alikuwa anakuita. Dada yako Kezia anakusubiri. Maziko ni Jumamosi saa nane mchana. Njoo." Tangazo lilichukua sekunde thelathini na moja. Sikukata hata pumzi.

Kahororo wakakubali kwamba yu hai. Rubisi ilikwisha, turubai likashushwa, mbuzi akarudi Kanazi, na Bwana Rutaihwa akaacha kiti kikiwa cha moto. Lakini Waraka ni Waraka. Mara kumi Alhamisi, mara kumi Ijumaa. Saa kumi na mbili jioni ya Alhamisi, mara ya saba, kambini Goziba wakawasha redio yao. Kufikia mara ya kumi Ijumaa, Meneja hakuhitaji karatasi, na pale kwenye "alikuwa anakuita" alianza kupunguza kasi mahali ambapo mimi sikuwa nimemwelekeza.

Ndyamukama alifika Kishanda Jumamosi saa saba na nusu, amepanda mtumbwi na magari mawili, bado ananuka samaki. Kezia alinipigia akanieleza. Mrithi alitupa udongo wa kwanza.

Tangu hapo barua zinakuja kutoka Kanazi, Muleba na visiwani, zote zinaomba kitu kimoja: wafu wao wasomwe na yule Nicholaus. Makao Makuu walisikia habari, wakaelekeza kwa barua rasmi kwamba kipaji hicho kisipotee, na kwa kuwa mafanikio yametokana na mtindo wa aya ya kumi na nne, kiendelee bila vyeo. Riyadhi amehamishiwa michezo. Amenenepa.

Jumatatu moja baada ya hapo Ndyamukama na Kezia walifika kituoni na sangara mkubwa amefungwa kwenye majani ya mgomba. Nikawaitia Meneja. Alitoka, amefunga tai, ametanguliza mkono. Ndyamukama akampa samaki kwanza, kisha akamshika bega, kwa upole, kama mtu mzima anavyomshika anayeanza maisha.

"Nicholaus, umetusomea vizuri," alisema. "Kambini tulilia wote, hata wasiomjua mzee. Vumilia hivyo hivyo, kijana. Nitawaambia hawa wakubwa wako wakuajiri."

Meneja akanitazama mimi. Mimi nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika mbili, na mezani kwake kulikuwa na marehemu wanne wanasubiri.