Nilivyojaza Fomu ya Leseni kwa Neno Moja

Jamani, sura yangu nimeiacha Kilosa. Nimerudi Mikumi na kichwa tu.

Niwaeleze mkiwa mmekaa. Mnajua nina kibanda cha chapati hapa barabarani, wanaposimama madereva wa malori. Miezi mitano nimeuza bila leseni (msinitazame hivyo). Wiki iliyopita mkaguzi akapita, akala chapati mbili, akafuta mdomo, akasema: "Mama, Ijumaa nikirudi sijaona leseni ukutani, nafunga."

Ijumaa ni kesho.

Namba ya mlipakodi nilikuwa nayo. Makadirio ya kodi nilifanyiwa, cheti cha kodi nikapewa. Mkataba wa pango upo, umelipiwa ushuru wa stempu, umesainiwa na mwenye fremu ninamouzia, ambaye ni baba mkwe wangu. Huyu mzee ni mwalimu mstaafu, mtu wa Mamboya, mzee wa kanisa. Hacheki ovyo. Fremu ile alitaka kuipanga mtu wa vipuri, mzee akamnyima yule akanipa mimi. Akaniambia sentensi moja tu: "Usiniaibishe."

Ikabaki fomu ya maombi, ya kwenye simu. Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Jirani yangu muuza supu alininong'oneza: ukiandika mgahawa, utaambiwa choo, maji ya bomba, kofia, kupima afya. Nikasema mimi? Thubutu! Kwenye aina ya biashara nikatafuta kitu kidogo kisicho na maswali. Nikaona "huduma binafsi". Si ni huduma yangu binafsi? Nikabonyeza. Wakataka maelezo ya shughuli. Nikaandika neno moja: "Kukanda." Wateja: "Madereva wa malori." Muda: "Alfajiri hadi jioni." Nikatuma. Nikajipongeza na chai.

Jana jioni nikapigiwa simu. Njoo wilayani Kilosa na mwenye jengo, maombi yako yana maswali.

Sikulala vizuri. Leo alfajiri tukapanda basi, mimi na mzee. Suti ya kijivu, tai, mkataba ndani ya bahasha. Njiani akauliza mara moja tu: "Maswali gani hayo?" Nikajibu, "Sijui, baba."

Tumefika ofisini, benchi limejaa. Mbele kuna kioo chenye tundu dogo, kwa hiyo afisa lazima apaze sauti na wewe upaze sauti. Hakuna siri pale. Zamu yangu ikafika. Afisa ni kijana wa miwani, mpole, akamwamkia mzee shikamoo, akafungua kompyuta. Nikaona paji lake linakunjamana.

"Mama, hapa umeandika huduma binafsi. Kukanda. Wateja, madereva wa malori. Ni sahihi?"

"Sahihi kabisa."

Watu wa benchi la nyuma wakainua vichwa. Nikadhani wananionea wivu.

"Alfajiri hadi jioni?"

"Alfajiri ndiyo wanakuja wengi. Wametoka mbali, wamechoka."

Akameza mate. "Mko wangapi mnaotoa hiyo huduma?"

"Mimi na mdogo wangu. Yeye bado mkono mwepesi, lakini anajitahidi."

"Vyumba vingapi?"

Nikasema moyoni, hapa ndipo mtego wa kodi ulipo. Nikajibu haraka: "Kimoja tu! Tunakandia mezani, mlango wazi, kila mtu anaona."

Nyuma mama mmoja akasema, "Yesu wangu."

"Mnatumia mafuta?"

"Mafuta lazima! Bila mafuta inakakamaa."

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jasho linanitoka. Nikajua ananitafutia kosa, kwamba sina risiti za mafuta.

"Cheti cha mafunzo ya kazi hii unacho?"

Cheti! Cha chapati! Nikaona leseni inaondoka, fremu inaondoka, na mzee yuko nyuma yangu anapumua kwa pua. Nikatoa silaha yangu ya mwisho. Nikapaza sauti:

"Cheti sina, lakini nimefundishwa na mtaalamu. Nimefundishwa na mama mkwe wangu, mke wa mzee huyu!"

Ofisi nzima ikageuka kumtazama mzee wa kanisa.

Afisa akauliza taratibu, kwa heshima zote: "Mzee, wewe ndiye mwenye jengo. Unafahamu kinachofanyika mle ndani?"

Mzee akasimama. Akanyoosha tai. (Alikuja kunitetea, maskini.)

"Nafahamu vizuri sana. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, wazee wote wa kanisa tunapita pale. Tunatoka tumeridhika."

Benchi likalipuka. Mtu mmoja alianguka, naapa. Yule mama wa "Yesu wangu" alikuwa ameziba uso kwa kanga. Mzee amesimama katikati, hajui amesema nini. Mimi nikaanza kujua, taratibu, kama maji yanavyopanda miguuni.

Afisa akainama hadi kwenye tundu la kioo. "Mama. Samahani. Unakanda nini?"

"Unga!" nikapiga kelele. "Unga wa ngano! Nakanda unga, nauza chapati!"

Kijana akalaza kichwa juu ya meza. Mabega yanatikisika. Ilichukua muda hadi akaweza kuongea, na hapo alinieleza vizuri kuliko nilivyostahili. Ombi lile linafutwa, naandika la mamalishe. Ndiyo, afisa afya atakuja. Ndiyo, choo. Ndiyo, kofia na kupima afya. Akanipa karatasi yenye muhuri ya kumwonyesha mkaguzi kesho, kwamba maombi yangu yanashughulikiwa, asifunge. Nilivyotoka, benchi zima likanipigia makofi.

Kwenye basi mzee alitazama dirishani. Kilomita kumi. Ishirini. Nikasubiri kunyang'anywa fremu. Hatimaye akasema:

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Kitenzi kama kile hakiachwi bila yambwa: sema unakanda nini."

Akarudi dirishani. Lakini nilimwona kwenye kioo. Mdomo ulikuwa unamcheza.

Basi, mkisikia kuna mama wa Mikumi anakanda madereva wa malori, mwambieni anayesema kwamba ni UNGA. Halafu mkacheke kwenu, na mfunge mlango.