Zamu ya Kujifungua

Ilitangazwa rasmi Jumatatu ya kwanza ya Januari, kabla ya chai, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtumishi wa kituo kile cha afya, njia ya Chanika, atakayejifungua kiholela. Katibu wa kituo, Bwana Isack, aliusoma waraka akiwa amesimama. Mpango Mkakati wa Uzazi kwa Zamu ulikuwa umepitishwa na kamati ya watu watatu, wote wanaume, wote makini. Kila mtumishi angepata likizo ya uzazi siku themanini na nne, mmoja baada ya mwingine, ili wodi isibaki tupu. Na kwa kuwa ofisi haina upendeleo, majina yalipangwa kwa alfabeti.

Muuguzi Zuena, mwenye mimba ya miezi mitatu, aliianza ile orodha kutoka chini, maana jina lake alikuwa analijua. Alikuwa wa ishirini na tatu. Akapiga hesabu: mtoto Julai hii, likizo baada ya miaka mitano. Na kuondoka nje ya zamu kuliitwa utoro kazini, adhabu yake kufukuzwa.

Akaenda ofisini.

"Shikamoo Katibu. Mie natarajia Julai."

"Marahaba. Julai ina mwenyewe, Sista," akajibu kwa upole, bila kuangalia kwenye orodha ni nani. "Wewe jitahidi uvumilie."

Utekelezaji ukaanza mara moja. Wa kwanza alikuwa Mama Apolonia, mkunga wa miaka hamsini na tisa, mjukuu wake yuko chuo. Alipohoji, akaambiwa kukataa likizo ni ukaidi. Akamshukuru Mungu, akarudi kwake Segerea, akalala. Wa pili alikuwa Fransis, mlinzi. Huyo hakuhoji kitu. Inasemekana mkewe kule Goba aliisoma barua ya likizo mara mbili, akamkabidhi mwiko na sufuria ya uji.

Katikati ya Juni Mama Apolonia aliingia kwa Katibu na orodha mkononi. Nyuma yake alikuwa Zuena, miguu imevimba, kandambili haziingii.

"Baba, baada ya Fransis ni Isack. Zamu imefika kwako," Mama Apolonia akasema.

Katibu akacheka. Alicheka peke yake, akaacha. Akaagiza jina lake lirukwe. Mama Apolonia akamsomea kifungu cha tisa, taratibu, kama anasoma somo kanisani: jina likirukwa, mpango wote umekufa. Na mpango ulikuwa umeshafika Halmashauri, ukasifiwa, na Katibu alikuwa amealikwa Dodoma kwenda kuueleza.

Akajifuta jasho. Akasema basi, kwa moyo wa kizalendo, zamu yake anampa Zuena.

"Inaruhusiwa," Mama Apolonia akasema. "Ila anayetoa zamu lazima aambatanishe kadi ya kliniki. Kifungu cha kumi na moja. Umeandika mwenyewe, kuzuia udanganyifu."

Zuena akamfungulia kadi. Akampima uzito na presha. Akamlaza, akapitisha futikamba juu ya kitambi, akaandika wiki thelathini na nne bila kutabasamu, maana kazi ni kazi.

"Mtoto anacheza?"

Katibu akatupa jicho mlangoni. Foleni nzima ya kina mama ilikuwa imenyoosha shingo.

"Anacheza," akasema kwa sauti ndogo.

Muhuri ukagongwa. Zuena akatoka na barua yake ya likizo ameikumbatia juu ya tumbo, akanyoosha kwenda nyumbani.

Katibu naye akainuka aende zake. Mama Apolonia akamwita, akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwandikia tarehe ya kurudi.

"Jumatano, saa moja asubuhi. Na uje na mwenza wako, baba. Kama aliyekupa huo ujauzito amekukimbia, pitia serikali ya mtaa wakuandikie barua."