Skrini Kubwa Imenifichia Mume

Kwako Mhariri wa ukurasa wa Vifaa,
Gazeti letu la kila Jumamosi.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu mwenye furaha. Niliolewa wiki saba zilizopita na mwanamume mwenye macho ambayo hata wewe, ukiyaona, utaweka kalamu chini kwanza. Nakuandikia kwa heshima zote kukulalamikia kwamba umeniondolea uso wa mume huyo, na kukuomba unirudishie kabla ya Jumatatu ijayo saa kumi na moja jioni, duka linapofungwa.

Nieleze taratibu ili usinione mwehu. Mume wangu ni mchora ramani za nyumba na kazi zake huzifanyia nyumbani. Mimi ni fundi wa nguo. Asubuhi niko cherehani, mchana narudi na kazi za mkono: vifungo, pindo, lesi za mikono. Chumba chetu ni kimoja na meza yetu ni moja. Yeye hukaa upande wa kabati, mimi upande wa dirisha kwa ajili ya mwanga, uso kwa uso, magoti yakigusana chini ya meza. Laptopu yake ilikuwa ndogo, haizidi daftari la shule. Juu yake niliuona uso wake wote kuanzia mdomo kwenda juu, na sehemu iliyobaki naijua kwa moyo.

Kisha ukaja wewe na makala yako kuhusu namna ya kuchagua skrini kubwa ya kompyuta. Mume wangu alikuwa akilalamika kwamba mistari ya ramani inakuwa kama nywele na kichwa kinamuuma. Aliikata makala hiyo kwa mkasi wangu mzuri, mkasi ambao haukati karatasi hata kwa mfalme, akaibandika kwenye mlango wa kabati. Kuanzia siku hiyo maneno yako yakawa sheria ya nyumba hii. Nikisema jambo, husema, “Ngoja tuone Mhariri anasemaje.” Na mimi, kwa mapenzi, nikasema hewala.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Hukusema kwamba skrini husimama. Uliandika, nanukuu, “Pima meza yako, kisha nunua skrini kubwa kadiri meza inavyoruhusu.” Mimi ni fundi. Fundi hakati kitambaa kabla ya kukata karatasi ya kipimo. Nikachukua futi yangu, nikakata karatasi ngumu ya ukubwa ule ule ulioutaja kwa skrini ya inchi thelathini na mbili: upana inchi ishirini na nane, kimo inchi kumi na sita. Nikailaza mezani kama tunavyolaza kila kipimo tangu ushonaji uanze. Ikakaa vizuri mno! Kwa siku tatu tulikula chakula juu ya karatasi hiyo, tukatazamana, tukaona inatufaa. Mume wangu akanisifu, “Mke wangu, ningeoa mwingine tungekuwa tunakisia.” Skrini ilipofika, fundi aliyeileta akaisimamisha. Nilimwambia, “Samahani kaka, inalala.” Akanitazama kwa huruma. Ndugu Mhariri, neno moja tu, “husimama”, lingekugharimu wino kiasi gani?

Najua utasema nilikwenda dukani na nikaziona zikiwa zimesimama. Nilikwenda. Lakini dukani skrini zote humtazama mteja. Hakuna mteja anayeambiwa, “Dada, pita huku nyuma uone utakachokuwa unakitazama wewe.” Nilisimama mbele na mume wangu tumeshikana mikono, nikaona maua na milima, nikasema ni nzuri. Muuzaji, mama mmoja mstaarabu mwenye miwani ya kamba, alituambia kwamba kwa kazi za ramani inchi ishirini na saba zinatosha. Mume wangu akakataa. Mama akasema, “Haya, bwana harusi, lakini usije ukaniambia hukuambiwa.” Akatuandikia kwenye risiti kwamba tunaweza kuirudisha ndani ya siku saba ikiwa haina mkwaruzo. Leo ni siku ya pili.

2. Uliamuru iinuliwe. Hapa ndipo uliponimaliza. Tulipoiweka mara ya kwanza ilikuwa chini kidogo, na kwa juu nilibakiwa na nyusi zake. Nikajiambia, mapenzi si tamaa, na nyusi nazo ni neema. Kumbe mume wangu ameifikia aya yako ya nne: “Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho ya mtumiaji.” Akabonyeza kitu nyuma ya shingo ya skrini ikapanda, psss, na nyusi zikazama mbele yangu kama jua. Nimebaki na nywele. Nywele ni nzuri, kinyozi wake ni hodari, ila nywele hazikonyezi.

3. Uliusifu uso wa skrini kwa aya saba, na mgongo hukuutaja hata kidogo. Umeandika juu ya rangi, mng’ao, na jinsi isivyochosha macho. Macho ya nani? Kila skrini ina mbele na nyuma, na kila mbele ina mtu na kila nyuma, katika nyumba za watu wanaopendana, ina mtu pia. Mimi ndiye wa nyuma. Nimeshaujua mgongo huo kama njia ya kwenda kisimani: matundu sita ya waya, vitobo vya kupitishia joto mia moja na arobaini na nne, na karatasi ya onyo inayosema nisiufungue. Nani amesema nataka kuufungua? Nataka uondoke.

4. Tunazungumza kama watu wa dirisha la ofisi. Zamani nikimwambia “chai?” alijibu kwa nyusi. Sasa nasema “chai?” na sauti inatoka nyuma ya plastiki, “Subiri kidogo.” Jana nilingoja kidogo hicho hadi nikajikuta nimeshika mkoba mapajani, nimekaa wima, kama niliyekuja kufuatilia cheti. Nilipopenyeza kikombe pembeni, mkono ukatoka, ukakichukua, ukarudi. Nilibusu mkono huo haraka kabla haujaingia. Je, huo ndio utaratibu unaowatakia wasomaji wako?

5. Imeniharibia jina ukweni. Mama mkwe wangu, Mungu ampe umri, alikuja kutuona kwa mara ya kwanza tangu harusi. Nikamkalisha upande wangu, penye mwanga. Akatazama, akasema, “Mwanangu yuko wapi?” Nikasema, “Yupo hapo, mama.” Kutoka nyuma ya skrini ikasikika, “Shikamoo mama.” Akajibu, “Marahaba, toka huko nikuone, au una tetekuwanga?” Alipoondoka alinivuta pembeni mlangoni, akaninong’oneza kwamba ndoa zote zina misukosuko, lakini kujengeana ukuta wiki ya saba ni mapema mno, yeye na marehemu baba mkwe walifika mwaka wa tatu ndipo wakaujenga wao. Nilimwambia si ukuta, ni kifaa. Akanipigapiga bega. “Ndiyo mwanangu, na wetu tuliuita kabati.”

6. Anaipangusa. Asubuhi na jioni, kwa kitambaa laini ulichokipendekeza wewe, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Anainama na kuipulizia pumzi. Kisha mwanga wake humpiga usoni, na kutokana na vivuli vya ukutani naona kwamba anatabasamu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Walisema hivyo kwa sababu hawakuisoma makala yako. Pazia limepatikana, lina inchi thelathini na mbili na dhamana ya miaka mitatu, wakati mimi, nilipoulizwa siku ya harusi, hata dhamana sikuombwa, nilipokelewa hivi hivi kwa imani.

Usiniambie tuisogeze meza. Dirisha ni moja, soketi ni moja, nazo zimekaa pande mbili kama wakwe waliogombana. Usiniambie nihamie upande wake: nyuma ya kiti chake ni kitanda, kushoto ni kabati, kulia ni ndoo ya maji. Na usiniambie nimweleze mwenyewe kwa mdomo. Hapo ndipo penye kidonda changu, nami nitakueleza kwa sababu hunijui. Tangu tuoane sijamlalamikia mume wangu jambo lolote. Hata moja! Shoga zangu wakizungumza habari za soksi na mikoromo mimi hucheka tu, najiona malkia. Sasa nianzie wapi kumwambia mtu ambaye kichwa kimeacha kumuuma kwamba kilichomponya ndicho kinachonitesa? Nikinyamaza hadi Jumatatu, siku zitakwisha, na nitakaa na mgongo huu miaka na miaka. Nikisema, nitakuwa mke wa kwanza duniani kumwonea wivu plastiki. Kwa hiyo nimeona aseme mtu anayemwamini. Nimeona useme wewe.

Ninaomba yafuatayo, na naomba kwa adabu.

Kwanza, Jumamosi hii uchapishe masahihisho, kwa herufi nene, kwamba mahali palipoandikwa “pima meza” pasomeke “pima meza, kisha pima mke akiwa ameketi”. Mume wangu akisoma atairudisha mwenyewe kabla ya Jumatatu, na mimi nitajifanya nimeshangaa.

Pili, maduka yote yaweke kiti nyuma ya kila skrini, na mwenzi wa mnunuzi akalishwe hapo kwa muda usiopungua saa moja, akiwa na kazi yake ya mkono.

Tatu, watengenezaji watoboe katikati ya kila skrini kidirisha cha ukubwa wa sahani. Mume wangu atapoteza sehemu ndogo tu ya ramani, labda choo, na choo kinaweza kuchorwa kwenye karatasi.

Nne, kama hayo yatashindikana, basi serikali itunge sheria kwamba skrini yoyote inayozidi inchi ishirini na nne isiuzwe bila ridhaa ya maandishi ya mtu wa upande wa nyuma, mbele ya mashahidi wawili na mzee mmoja wa kila upande. Ndoa yetu yenyewe haikufungwa bila mashahidi. Iweje kitu kinachoingia katikati yake kiingie kwa risiti tu?

Nakushukuru kwa subira yako. Sikuchukii. Wewe ni mtu uliyesoma, na labda humpendi mtu yeyote aliyekaa ng’ambo ya meza, ndiyo maana hukujua. Nisalimie mkeo kama unaye, na kama hunaye nakuombea apatikane na awe mrefu. Nisalimie wapanga herufi, wapiga chapa, mpeleka magazeti wa mtaa wetu anayekohoa, na yule mwandishi wa ukurasa wa nyota aliyesema kwamba mwezi huu nitaona mbali.

Ni mimi, mwenye mapenzi na malalamiko,

Bibi Harusi wa Upande wa Dirisha.

N.B. Ndugu Mhariri, tafadhali usichapishe. Mume wangu alikuwa ametoka kupeleka ramani kwa mteja, nami nikaandika barua hii kwenye kompyuta yake, juu ya skrini hiyo hiyo. Sikujua kwamba maandishi yake husomeka tangu mlangoni. Alirudi akasimama hapo na viatu mkononi, akaisoma yote, kuanzia salamu hadi mpeleka magazeti anayekohoa. Kisha akasema, “Mke wangu, umemwandikia Mhariri, na mimi nalala hapa hapa?” Nikajifunika uso kwa lesi ya mteja.

Akaketi kwenye kiti changu, akautazama ule mgongo, akahesabu matundu. Halafu akakiri. Tangu harusi yetu ameshikwa na kitu. Huchora mstari, huinua macho, huniona nang’ata uzi, na akirudi kwenye ramani hajui alifikia wapi. Amerudishiwa ramani tatu. Moja ina ngazi inayopanda vizuri kabisa hadi ukutani. Nyingine ina jiko lisilo na mlango, na mwenye nyumba alimuuliza, “Fundi, mke wangu ataingilia bombani?” Mteja huyo alimwambia kwamba ramani ya nne nayo ikikosewa, atatafuta mchoraji mwingine. Ndiyo maana dukani alikataa inchi ishirini na saba. Alizipima kwa kiganja akajua paji langu la uso lingebaki linaonekana. Hakuchagua kwa ajili ya aya zako, ndugu yangu. Alichagua kimo changu mimi.

Sijawahi kuambiwa maneno matamu kama hayo. Nafuta malalamiko yote sita na maombi yote manne, na sheria isitungwe. Skrini haiendi popote Jumatatu. Nimeipangusa mwenyewe, kwa mzunguko.

Nilimuuliza tu kama sasa, kwa kuwa hanioni, ramani zinatoka salama. Akainama. Ile aliyoipeleka leo imerudi: chumba cha kulala kina kuta tatu. Anasema nilikuwa naimba. Mteja ni muungwana, amempa hadi wiki ijayo. Kwa hiyo Jumamosi, ukiweza, tuandikie makala kuhusu kuchagua hedifoni za kuziba masikio, na ututajie zile kubwa kuliko zote.