Asilimia 212 za Nesi Zuena

Jumatatu, 5 Mei
Leo nimemkamata. Wallahi nimemkamata! Ripoti ya chanjo ya surua, Zahanati ya Nyamtope, kule delta: walengwa watoto 33, waliochanjwa 70. Asilimia 212! Kliniki ya mjini, ninayoisimamia mimi Haidari, mtakwimu wa idara, asilimia 61, rangi nyekundu. Na anayeongoza ndiye atakayewasilisha takwimu zetu Kibaha, kwenye kikao cha mkoa. Miaka minne naisubiri hiyo Kibaha. Suti ninayo. Nesi Zuena hanipiti kwa watoto hewa. Thubutu!

Mke wangu Tatu na mtoto wetu wako shambani kwa mama mkwe, wiki ya tano sasa, wanaamia mpunga, kufukuza ndege kutwa. Kabla ya kuondoka aliniuliza chanjo ya mtoto itakuwaje. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nyumba imetulia, akili inafanya kazi.

Jumanne, 6 Mei
Nimekwenda Nyamtope kwa boti, bila taarifa. Tope hadi soksi. Nimekuta nini? Kijiji kitupu! Milango imefungwa kamba, zahanati ina kufuli. Bibi mmoja tu, anapepeta. Akaniambia watu wote wamehamia madunguni, vile vibanda vya juu ya miti huko mashambani, wanalinda mpunga, na nesi yuko huko huko na kisanduku chake cha chanjo. Nikamshukuru kwa ushahidi. Watu hakuna, nesi hakuna, chanjo sabini! Nimelipiga picha kufuli mara tisa.

Jumatano, 7 Mei
Mganga Mkuu wa wilaya kaniuliza kama nilifika kwenye madungu yenyewe. Nikamjibu mimi ni mtakwimu, sipandi ngazi za miti. Nikamwomba kesho kikaoni tupige namba za wazazi zilizo kwenye rejesta ya Zuena, sauti ya juu, mbele ya wote. Mtoto hewa hana baba wa kupokea simu! Zuena alipoambiwa akasema sawa tu, kaka Haidari. Tena akacheka. Acheke!

Alhamisi, 8 Mei
Kikao. Watu kumi na wawili. Mganga Mkuu akafungua rejesta, akaweka kidole popote, akapiga. Simu ikalia humo humo ukumbini! Nikang'aka: nani huyo hana adabu, hajazima simu kikaoni? Wote wakatazama mfuko wangu wa suruali.

Ilikuwa yangu.

Mganga Mkuu akasoma taratibu: Shamsia Haidari, miezi tisa, mama Tatu, dungu la tatu kutoka mtoni. Zuena akaeleza kuwa huwafuata kwa mtumbwi, wa Nyamtope na wageni wote waliokuja kulima. Mama Shamsia alimwambia baba wa mtoto ni mkubwa wa takwimu, hana nafasi. Walicheka hadi mhasibu akatoka nje. Niliona aibu, nakiri, dakika mbili hivi. Kisha nikasema mtoto mmoja si sabini. Mganga Mkuu akapiga namba ya pili, ya tatu, ya nne. Wote walipokea, madebe yanagongwa nyuma yao. Mmoja alifoka kuwa tunamchelewesha, ndege wanamaliza mpunga.

Zuena anakwenda Kibaha.

Jumamosi, 10 Mei
Tatu kapiga. Shamsia alichemka mwili siku moja tu, sasa mzima, anatambaa. Alhamdulillahi, nimefurahi mno. Akauliza kikao kilikwendaje. Nikasema vizuri. Akanitaka nimwombe Zuena radhi. Kwa lipi? Kamchanja mtoto wa mtakwimu bila kumjulisha mtakwimu!

Nimekaa na mahesabu. Shamsia ni mkazi wa mjini. Kwa haki ni wa kliniki yangu. Kudungwa tena hapana, sina wazimu. Jina lake tu nitaliandika kwenye rejesta yetu, pamoja na wenzake wote wa mjini walioko madunguni. Zuena abaki nao, na mimi niwe nao. Asilimia 90, kijani kibichi! Mwakani Kibaha ni yangu.

Namba ya baba nimeandika ile ile. Wakikagua, safari hii simu nitaizima.