Divai ya Kabila Moja

Jumatatu, 1 Juni 1998

Makasha mawili yamefika mkahawani! Mwanadiplomasia mmoja anahama villa yake ya Kiriri na amemwachia Madamu Adélaïde, mwenye mkahawa, divai zake zote. Chupa kumi na mbili. Za Australia! Tangu vita vituletee vikwazo, wageni wetu hapa Rohero wanakunywa divai zinazotoka kusikojulikana, na hawaulizi.

Madamu amesema Jumamosi mchana kutakuwa na karamu ya kuonja, wageni wanane wakubwa. Atakayezieleza divai vizuri zaidi atapewa ufunguo wa kave, kile chumba cha chini zinakolala chupa. Ni mimi au Sylvère wa baa. Miaka kumi na moja nimebeba sahani. Ufunguo ule nautaka kuliko kitu chochote, isipokuwa Pepo.

Tatizo moja dogo. Mimi ni Mwislamu, sijaonja divai tangu nizaliwe. Sylvère amekunywa ya kututosha sote wawili.

Jumanne, 2 Juni

Nimepata njia! Mwenye divai aliacha na karatasi ya maelezo. Inasema waonjaji wakubwa hawamezi. Wanasukutua, wanatema ndooni. Kutema si kunywa! Mke wangu Waridi huonja chumvi ya mchuzi mwezi wa Ramadhani kwa ncha ya ulimi, anatema, na saumu yake haina neno. Nikamweleza hoja hiyo kwa utulivu. Akasema mchuzi ni mchuzi, na siku nitakayorudi nyumbani Buyenzi na harufu ya divai nitalala kwa kaka yake Massoudi. Massoudi anafuga bata ndani ya nyumba.

Basi nitatumia pua. Pua haijaharamishwa.

Jumatano, 3 Juni

Mazoezi. Karatasi inasema ile nyekundu hunukia pilipili manga na ngozi, na ile nyeupe ya Chardonnay hunukia siagi. Nikaenda sokoni kunusa. Muuza pilipili manga akaniuliza kama nanunua au nasujudu. Kwa fundi viatu nilinusa kiatu ambacho mwenyewe alikuwa bado amekivaa. Nimepiga chafya hadi adhuhuri.

Sylvère alicheka sana. Huyu anaamini Australia na Austria ni nchi moja. Ndiye apewe ufunguo?

Alhamisi, 4 Juni

HUJUMA! Leo nimezibua Riesling, ile nyeupe nyingine, nikaingiza pua. Petroli! Sylvère ana binamu anayeuza petroli ya magendo kwa chupa kule Buterere. Ushahidi gani zaidi? Nikazibua ya pili, ya tatu, ya nne. Petroli tupu. Nikazimwaga zote kwenye karo kabla hazijaua mtu, nikaenda kwa Madamu kifua mbele.

Madamu akaichukua ile karatasi, akaigeuza. Sikujua ina upande wa pili. Upande wa pili unasema Riesling ikishakaa miaka hunukia petroli kidogo, na kwamba wajuzi huitafuta kwa harufu hiyohiyo.

Madamu alizihesabu chupa tupu, moja moja. Halafu: "Ilias, mi nakungojea siku ya poso, iyi Jumamosi tu. Ukiaribu kitu tena, ufunguo sahau, utaosha sahani." Sylvère alikuwa mlangoni akipiga mluzi. Nimeumia. Nilikuwa nimeokoa maisha ya watu wanane.

Ijumaa, 5 Juni

Zimebaki chupa nane: nne Chardonnay, nne nyekundu. Leo ndipo nilipoisoma lebo ya ile nyekundu kwa makini, nikakaa chini. Imeandikwa SHIRAZ. Shiraz! Babu yangu Huseni, aliyekuja mji huu na msafara wa pembe za ndovu, alisema mpaka anakata roho kwamba sisi si watu wa hivihivi, sisi ni Washirazi. Waridi huwa anacheka. Sasa imeandikwa, tena kwa herufi za dhahabu.

Ikabaki kazi moja. Karatasi inasisitiza kwamba divai hizi ni za cépage moja tu, hazikuchanganywa. Cépage kwa Kiswahili ni nini? Aina? Aina ni neno la viazi. Nimelitafuta kutwa, hata kwenye swala ya Ijumaa, Mungu anisamehe. Na likaja lenyewe: kabila! Zabibu zina makabila, na hii ni divai ya kabila moja.

Nikamsomea Waridi hotuba yote. Akaacha kukunja nguo, akaniuliza kama mimi naishi mji huu. Nikamjibu ndiyo, Buyenzi, avenyu ya saba. Akarudi kukunja nguo. Wivu, nadhani.

Jumamosi, 6 Juni

Wageni wamefika saa sita. Kanali mmoja upande huu wa meza, mkurugenzi mmoja wa wizara upande ule. Hawakusalimiana. Madamu alikuwa amewaketisha mbalimbali kwa makusudi, maana anajua nani ametoka wapi, na vita hivi ni vya nani na nani.

Sylvère alianza na Chardonnay. Maelezo yake yote: ni nzuri, inashuka. Alikuwa ameshateremsha glasi tatu.

Kisha mimi. Nikanusa, nikafumba macho. Nikawaambia kwamba divai hii ni safi, ni ya kabila moja tu, tangu shina hadi chupa. Kwamba mkulima ameyang'oa makabila mengine yote shambani ili hili lipate nafasi. Kwamba wajuzi hawapendi mchanganyiko.

Uma zikasimama. Kanali akaweka kisu mezani taratibu. Mkurugenzi akatazama mlango. Mlinzi wake pale mlangoni akabadilisha mkono wa bunduki. Madamu alishika kitambaa cha meza kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani! Nikaongeza kwamba hata tone moja la kabila lingine huharibu pipa zima.

Kanali akauliza, kwa sauti ndogo sana: "Na ni kabila gani iyo?"

Nikasema: "Mushirazi, Kanali wangu. Kabila yangu mimi." Nikawageuzia lebo.

Wote wakainama kuisoma. Halafu mkurugenzi akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Basi mi na we, Kanali, tuko wageni tu apa!" Kanali naye akalipuka. Walitazamana kwa mara ya kwanza. Wakamaliza Washirazi watatu, na wakati wa kuondoka wakapeana mikono. Mimi nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Ufunguo ni wangu!

Jumapili, 7 Juni

Ufunguo amepewa Sylvère.

Madamu hajalala. Amesema alikuwa ameshauona mkahawa wake unawaka na sisi sote ndani. Amesema watu wamekufa katika mji huu kwa neno fupi kuliko lile. Nimehesabu: kabila, herufi sita. Kweli si fupi sana.

Mimi nimepewa kazi ya chai. Neno lile nikilitamka tena, hata kwa mbuzi, nimefukuzwa. Waridi amenipakulia wali mwingi wala hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatano, 10 Juni

Mungu mkubwa! Wajumbe wanaokwenda Arusha kwenye mazungumzo ya amani watakula kwetu kesho mchana. Pande zote, meza moja. Kanali amepiga simu mwenyewe: anataka ile chupa ya mwisho ya Shiraz, na anataka iletwe na yule Mshirazi. Madamu amekataa mara tatu. Kwa Kanali mtu hakatai mara nne.

Amesema nikifanya vizuri kesho, atafikiria upya habari ya ufunguo. Ameniapisha juu ya Msahafu kwamba lile neno halitatoka kinywani mwangu. Nimeapa kwa moyo mmoja. Mimi si mtoto, nikikosea najifunza. Neno lilikuwa refu, na lilikuwa baya.

Nimekaa tangu asubuhi kutafuta lingine. Nimelipata, linafaa hata kwa rangi. Herufi nne tu. Kesho nitasimama mbele ya wajumbe wote, niinue glasi, niwaambie kwamba hii ni divai ya damu moja.