Chai Baridi ya Wanga

Jumatatu, 3 Oktoba 1994

Alhamdulillahi, Salumu karudi salama. Mdogo wangu huyu ni baharia, na safari hii meli yao ilikaa Taiwani miezi miwili ikitengenezwa. Nilitegemea kitenge. Kaniletea habari. Anasema huko watu wanakunywa chai ya baridi. Ina maziwa, ina barafu, na chini ya glasi mna vidonge vyeusi laini vya kutafuna. Foleni mpaka barabarani. Nikamuuliza hivyo vidonge ni vya nini. Akasema vya muhogo.

Muhogo! Ilibidi nikae chini.

Tangu kiwanda cha nguo kinipunguze kazi natafuta biashara ambayo Najma hana. Najma ni mke mwenzangu. Mume wetu Mbwana, Mungu amrehemu, alifariki mwaka juzi akatuachia nyumba moja hapa Tandika, yenye baraza moja. Upande wa kulia una kivuli asubuhi. Najma kaukalia na birika lake na chapati zake, na walimu wote wa shule ya jirani wanakunywa kwake. Mie nimebaki na upande wa jua. Nimejaribu mkaa. Nimejaribu mitumba. Nimejaribu bata.

Chai yake ni ya moto. Yangu itakuwa ya baridi. Kwa joto hili la Dar, nani atabaki kwake? Namshukuru Mungu kwa kunipa mdogo anayesafiri na mke mwenza asiyesafiri.

Jumatano, 5 Oktoba

Nimenunua unga wa muhogo. Nimekanda, nimeviringisha vidonge asubuhi nzima mpaka viganja vikang'aa. Nikavitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Vikapotea. Nikakoroga kuvitafuta. Uji.

Najma kapita, kachungulia, hakucheka. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote. Kaniuliza tu kama nina haja na ule uji. Nikamwambia achukue. Katia tangawizi na sukari, na mafundi wanaojenga nyumba ya pili wakaumaliza kabla ya adhuhuri. Sufuria langu kalirudisha limesuguliwa hadi chini, jambo ambalo halijafanyika tangu nilinunue. Nashukuru. Sikumwambia.

Ijumaa, 7 Oktoba

Chanika, kwa mjomba. Kanicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kanieleza kwamba unga ni muhogo mzima uliokaushwa ukatwangwa, lakini ninachotaka mie ni wanga. Unakwaruza muhogo mbichi, unakamua ndani ya maji, unaacha yatuame, unamwaga maji. Ule weupe uliobaki chini ndio wanga wenyewe. Kanipa kiroba kizima cha muhogo na hakutaka chochote. Mungu amzidishie.

Jioni nimejaribu tena, na sukari guru. Vidonge vimekuwa vyeusi, vinang'aa, vinateleza. Salumu kaonja, kafumba macho, kasema ni Taiwani kabisa. Halafu kasema, au karibu na Taiwani.

Jumapili, 9 Oktoba

Tatizo la mirija. Dar nzima hakuna mrija ambao kidonge kinaweza kupita. Nimepata wazo lililonifanya nijisikie msomi. Kikonyo cha jani la mpapai! Kina tundu, ni kinene, ni cha bure. Nimekata, nimeosha, nimevuta chai.

Utomvu. Ulimi umekufa ganzi mpaka magharibi. Salumu kapatwa vibaya zaidi kwa sababu yeye alivuta kwa nguvu.

Najma, bila kuulizwa, kaniletea vijiko virefu dazeni moja. Ni vile alivyopewa na marehemu alipoolewa. Nimeshukuru kwa moyo wote. Ila nimekaa nikiwaza kwa nini yeye alipewa vijiko virefu na mie nilipewa chupa ya chai.

Jumatatu, 10 Oktoba

Siku ya ufunguzi. Nilimwita Gozbert, mchora mabango wa pale sokoni, nikamwambia aandike: Chai ya baridi ya maziwa yenye vidonge vya wanga wa muhogo wa Chanika kwa ustadi wa Taiwani. Kapima ubao kwa macho, kasema maneno hayo yanahitaji ukuta. Nikamwambia afupishe, yeye ndiye fundi. Kafupisha. Kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, zimenyooka kama askari:

CHAI BARIDI YA WANGA

Nimependa mno. Nimekaa pembeni yake tangu saa mbili asubuhi, glasi zimepangwa, barafu inayeyuka. Watu wanasimama, wanasoma, wanavuka barabara. Mama mmoja kasoma, kamziba mwanawe macho.

Hakuna aliyekunywa. Najma kanunua glasi moja. Kasema ni tamu. Nashukuru, lakini mke mwenza si mteja.

Jumanne, 11 Oktoba

Salumu kaja asubuhi, kasoma bango, kashikilia nguzo ya baraza asianguke. Kaniuliza tangu lini nimejitangaza mwenyewe. Nikawa simwelewi. Akanisomea polepole, na hapo ndipo nikalisikia lile neno kama wanavyolisikia wao. Wanga. Wale watu wa kuruka na ungo. Nimeweka bango jekundu kwenye nyumba ya marehemu kwamba nauza chai ya wachawi.

Nilishanyanyuka kulitoa. Wallahi nilishanyanyuka. Wakati huohuo wakaja wasichana wawili wa saluni, wameshikana mikono, wakaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli.

Hapa nilipaswa kusema muhogo. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mambo mengine hayasemwi mchana."

Wamekunywa glasi mbilimbili. Saa nane palikuwa na foleni. Saa kumi vidonge vimekwisha. Namshukuru Mungu, namshukuru Gozbert, naushukuru ubao kwa kuwa mdogo.

Jumatano, 12 Oktoba

Sina nafasi ya kuandika, mikono inanata. Bi mmoja nimemwambia kidonge cha kwanza asikitafune upande wa kushoto. Mwingine nimemwambia siri hii imetoka ng'ambo kwa mtu ambaye jina lake halitamkwi. Si uongo. Ni mpishi wa Kichina wa melini kwa Salumu, na kweli sisi hatuwezi kulitamka. Mwenye duka mmoja kaniuliza kama chai hii inaweza kumfungia duka jirani yake. Nikamwambia siahidi kitu, nikamwongezea vidonge.

Alhamisi, 13 Oktoba

Leo ndio nimegeuza shingo kutazama upande wa kulia.

Saa nne, birika la Najma limejaa. Chapati zimepangwa kama alivyozipanga alfajiri, hata moja haijaguswa. Nikamuuliza walimu wako wapi. Kasema tangu jana hawaji. Mwalimu Kokuberwa, ambaye ananywa chai hapa mwaka wa nne sasa, kamtuma mtu kuja kuchukua kikombe chake.

Baraza moja, maji mamoja, bango moja. Sikulifikiria hilo. Wanaotafuta wanga wanakuja kwangu. Wanaotafuta chai wanatukimbia wote wawili.

Kisha kaja mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Faraji. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, lakini hakupanda barazani. Kasimama juani na kanzu yake. Kwa adabu kabisa kasema yeye haamini, ila watu wanauliza. Wanawake wawili, nyumba moja, mume mmoja, na maradhi ambayo mtaa haukuambiwa jina lake. Wanauliza marehemu alikuwa akinyweshwa nini.

Mie nilikuwa na glasi mkononi. Najma ndiye aliyejibu. Kasema yalikuwa mafigo, cheti cha hospitali kipo sandukuni, mwenye kutaka kukisoma aje. Kisha kaingia ndani na hakutoka tena.

Nimeamua kurekebisha mwenyewe, haraka. Nimechukua rangi aliyobakiza Gozbert nikaongeza neno moja, dogo, katikati. Sasa bango linasema: CHAI BARIDI SI YA WANGA. Hadi jioni, wale wanaotaka wanga wameondoka, na wale ambao hawakuwa wamesikia lolote wanauliza ni nani aliyesema ni ya wanga.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimekwenda uani kwa Najma baada ya chai ambayo haikunywewa. Alikuwa anafua. Nimemweleza yote. Kwamba bango lilikuwa bahati mbaya, lakini maneno yalikuwa yangu. Upande wa kushoto, mtu asiyetamkwa jina, yote. Nimeeleza nikiwa nimesimama kwa sababu sikuweza kukaa.

Kakamua shuka mpaka tone la mwisho. Kwa kawaida huniita dada. Leo kaniita kama alivyokuwa akiniita mwaka wa kwanza alipoletwa.

"Bi mkubwa," kasema, "Mbwana tulimuuguza wote wawili. Usiku wako, usiku wangu. Wewe ndiye uliyemfumba macho. Leo unamuuza kwa glasi."

Nimelia pale penye beseni. Yeye hakulia. Kaanika shuka, kanyoosha ncha zake, kaniuliza kama muhogo wa mjomba umebaki. Nikasema upo. Kasema niubebe barazani, na mbuzi ya kukunia nazi, na beseni, na kitambaa cha kuchujia.

Watu walipotoka msikitini swala ya Ijumaa, walimkuta Najma kakaa juu ya mbuzi mbele ya nyumba, upande wa jua, upande wangu, anakwaruza muhogo. Hakuita mtu. Watu wakasimama wenyewe. Kakwaruza, kakamua, kamimina maji kwenye karai, kaacha yatuame. Ilichukua muda, na hakuna aliyeondoka. Hata walimu walisogea hadi kwenye uzio wa shule. Alipomwaga maji, chini kukabaki ule weupe. Kauchota kwa kidole akauonyesha watu, kisha kamgeukia Mzee Faraji.

"Shikamoo baba. Hiyo kanzu yako imesimama vizuri. Mama huwa anaitia nini?"

Mzee Faraji kajitazama. Kanzu ilikuwa imekakamaa, ingeweza kwenda nyumbani peke yake. Kasema, taratibu, kama mtu anayeungama, "Wanga."

Akacheka mmoja, nyuma kabisa, na mtaa mzima ukamfuata. Kila mwanamume mwenye kanzu alikuwa anatazamwa. Najma kanywa glasi nzima mbele yao, kwa kijiko chake kirefu, kisha kampa Mzee Faraji ya kwake. Mzee kapanda barazani. Kakaa. Kanywa. Wakamuuliza ikoje, akafikiri sana, akasema inateleza.

Nami nilikuwa wapi? Nyuma ya mlango. Nilichungulia yote kwenye ufa. Kisha nikatoka, nikasema mbele ya wote kwamba maneno ya wachawi niliyatunga mimi, Mwamvita binti Salehe, na Najma hakuyajua. Hata wa mwisho kasikia.

Jumapili, 16 Oktoba

Gozbert kachora upya bila kunilaumu, ingawa namlaumu kidogo yeye. CHAI BARIDI YA MUHOGO. Mwalimu Kokuberwa kapita baada ya kanisa kurudisha kikombe chake. Kakitundika mwenyewe kwenye msumari wake. Kamwomba Najma radhi, na Najma kasema hakuna neno. Mie ningesema maneno mawili matatu, lakini mie si Najma.

Asubuhi hii nilikuta kigoda changu kimehamishwa. Kiko upande wa kulia, kivulini, karibu na cha kwake. Nilimuuliza nani kakileta huku. Kasema, "Dada, kaa, barafu yako inayeyuka."

Dada.

Mungu, nakushukuru kwa mjomba na muhogo wake, kwa Salumu na meli mbovu, kwa kanzu ya Mzee Faraji. Nakushukuru kwa Mbwana, ambaye hakuniambia kitu siku aliyoleta mke wa pili, nami nikanuna mwaka mzima, kumbe alikuwa ananiletea mtu wa kuzeeka naye. Nimeapa. Kuanzia leo chai ni chai. Mtu akiuliza nitasema muhogo, maziwa, majani, sukari guru, basi.

Jumanne, 18 Oktoba

Biashara nzuri, siyo kubwa. Glasi kumi na kitu asubuhi. Najma anapata wateja wake wote na wawili wangu. Sijanuna.

Saa tano kaja Polikarpo, fundi baiskeli wa pale kona, mtu mzito, mpole, anayetembea kainama kwa sababu ya mgongo. Kanywa glasi moja, katulia, kajinyoosha. Kageuka kushoto, kageuka kulia. Kaniambia kwa mshangao kwamba tangu anywe ile ya juzi mgongo umelegea, amelala kama mtoto. Kaniuliza kama chai hii huwa inatibu mgongo.

Najma alikuwa ndani, anachambua mchele.

Sikumwambia ndiyo. Sikumwambia siyo. Nimemwekea vidonge vya nyongeza, nikamsogelea kidogo, nikamuuliza tu kama kwao wako wengine wenye mgongo.