Nakala Mbili

Siku bosi wa wakala wa matangazo alipotangaza kwamba mwisho wa mwezi atateua naibu kutoka miongoni mwa wafanyakazi wake wanne, Kinanda alihesabu vichwa, akaona vitatu vimezidi.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya ulimi wake: mbonyeze popote, anatoa muziki. Mchana huohuo aliwaita wenzake kwenye chumba cha chai: mchoraji, mpiga picha, na katibu muhtasi waliyemwita Mama Muhuri, maana karatasi haikupita mezani pake bila kugongwa. Akawamiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Ndugu zangu, tutamtajirisha huyu mzee mpaka lini? Wateja wanatujua sisi. Tuondoke wote siku moja, tufungue ya kwetu!"

"Chumba je?" mchoraji akauliza.

"Kipo ng'ambo ya barabara, juu ya duka la viatu. Kitupu, kinatungoja sisi."

"Na barua za kuacha kazi atazipeleka nani?"

"Mimi! Hasira zake zinimalize mimi." Akajipiga kifua. Kifua kikalia kama debe.

Mama Muhuri aliitazama ile chai. Miaka sita hajamwona bwana huyu akimmiminia mtu hata maji.

"Vizuri, mwanangu. Nitazichapa. Ila wewe utangulie kutia sahihi, sisi tufuate. Nakala mbili kama kawaida, moja ya kupeleka, moja ya faili."

Kinanda akasaini zote mbili, mbio mbio. Za wenzake alikabidhiwa jioni, zimefungwa kwa gundi kwenye bahasha.

Kesho yake saa nne alichana barua yake chooni, akavuta maji, akaingia kwa bosi na bahasha tatu na uso wa msiba.

"Mzee, roho inaniuma. Wenzangu wote wanakukimbia. Nimewasihi mpaka sauti imekauka. Lakini mimi nipo, nitazeeka na wewe."

Bosi akafungua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Wanaomba likizo ya siku nne."

"Li... nini?"

"Anayekimbia ni wewe." Bosi akamsogezea karatasi yenye muhuri: Imepokelewa, saa mbili asubuhi. "Nakala yako hii hapa. Nimeshakukubalia kwa moyo mkunjufu. Sasa humu ndani umeingiaje, na hapa hufanyi kazi?"

Bosi alicheka siku nne nzima. Ya tano akaletewa barua tatu, za kuacha kazi kwelikweli.

Juu ya duka la viatu, rangi ya ukutani ilikuwa bado mbichi Kinanda alipobisha hodi.

"Wazo lilikuwa langu!"

"Zuri sana, tumelipenda," mpiga picha akasema. "Lilikuwa na kasoro moja tu, tukaiacha ng'ambo."

"Basi nipeni hata kazi ya kupokea wageni, jamani."

Mama Muhuri akavuta droo, akatoa muhuri mpya, akaupulizia.

"Andika barua ya maombi, mwanangu. Nakala mbili."